Nilimwambia Kwetu Kwema

Siku ya pili ya matanga ya Salha, mumewe Khatibu aliniita nitoke kwa wanawake nikaonane naye kwenye mlango wa uani. Macho yake yalikuwa mekundu, kofia kaivaa upande, na nyuma yake wamesimama ndugu zake wawili wameangalia chini. "Bi Zuwena," akasema, "Nasra asiambiwe. Ana mitihani yake ya muhula, imebaki wiki tatu. Akishamaliza tutamwita aje, tumwambie akiwa mikononi mwetu." Nasra ni binti mkubwa wa Salha, yuko Uturuki, mwaka wake wa kwanza wa shahada ya pili, na mimi ananiita mama mdogo ingawa na mamake hatukuzaliwa tumbo moja wala ukoo mmoja. Khatibu akaendelea kwamba watoto wote washakatazwa: hakuna kuweka picha, hakuna kuweka status, hakuna cha "inna lillahi" kwenye magrupu. "Wewe anakupigia sana," akasema. "Na wewe akikusikia umesema kwema, ataamini." Nikaitikia kwa kichwa, maana mtu aliyefiwa hubishani naye, nikarudi kukaa mkekani. Kando yangu mama mmoja alikuwa akimnong'oneza mwenziwe kwamba wali wa jana ulikuwa mbichi chini na watu wakaula hivyo hivyo kwa kuwa ni msiba, utasema nini. Nilimsikia na sikumsikia. Nilikuwa nimerudi India, miaka karibu thelathini nyuma, katika chumba chenye vitanda viwili vya chuma, na Salha kakaa kitandani kwake anachagua mchele, ananiuliza: "Zuwena, kwetu kwema?"

Watu wa Wete niliowasomesha husema Mwalimu Zuwena hana woga, anamwambia mkubwa na mdogo kile anachokiona. Waache waseme. Mimi najijua. Nimeamua kuusema mwaka ule wote kama ulivyokuwa, pamoja na lile jambo ambalo Salha mwenyewe sikumwambia mpaka anaingia kaburini, na anayetaka kunihukumu ahukumu, sina pa kukimbilia tena.

Tulikwenda wawili, wote walimu wa skuli za sekondari, kusomea shahada ya uzamili ya elimu. Mimi natoka Wete, yeye Micheweni, na kabla ya hapo tulikuwa tumeonana mara mbili tu, ofisini, tulipokuwa tukitia saini fomu. Mimi nilimwona mtu wa makelele. Yeye, alivyokuja kunambia baadaye, aliniona mtu wa maringo, "mwalimu wa mjini, mkoba mikononi kama umebeba Msahafu." Tulipofika chuoni tukaambiwa mabweni ya wanawake yamejaa. Siku ya kwanza tulizunguka kutoka dirisha hadi dirisha na picha zetu ndogo na vyeti vyetu, kila dirisha linataka muhuri wa dirisha jingine, jua la utosi, miguu imevimba, na mimi nikakaa chini ya ngazi nikalia kama mtoto. Salha hakulia. Alimfuata karani mmoja akamganda, anamsemesha Kiingereza kilichochanganyika na Kipemba, mpaka yule bwana akachoka akatuandikia anwani ya mjane mmoja anayepangisha chumba cha juu. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo: mimi nalia, Salha anatafuta njia.

Mjane tukimwita Anti, kama walivyomwita wanafunzi wote waliopita pale. Mwanamke wa makamo, mwembamba, hana mtoto aliye karibu, na sharti lake lilikuwa moja: nyumbani kwake hapikwi nyama wala samaki. Wapemba wawili bila samaki! Salha alikubali mbele yake kwa adabu zote, mikono kifuani, na kumbe ndani ya sanduku lake kuna vipande vinne vya papa mkavu, kavizungushia mifuko mitatu ya plastiki na kanga mbili juu. Siku ya tatu Anti akapanda juu anavuta pua, akasema panya kafia mahali, akatupa ufagio tumsaidie kumtafuta. Tulimtafuta panya yule chini ya vitanda kwa muda wa saa nzima, Salha mbele, anasema "sio hapa, Anti, labda kule," na mimi nimeingiza kichwa kabatini nisionekane ninavyocheka. Jioni yake tukampeleka papa kwa wanafunzi wenzetu wa Kiislamu waliokuwa na nyumba yao, tukampika huko, tukarudi na bakuli limefunikwa gazeti, tukala juu ya paa kwa mikono, tumechuchumaa. Nimekula vyakula vya kila aina maishani, kwenye mahoteli na kwenye mialiko ya wakubwa, sijala kitu kilichonikaa kama papa yule.

Chumba kile nakiona hata sasa. Meza moja tu, kwa hivyo mmoja akiandika mwengine alisoma kitandani. Dirisha lilitazama kibanda cha mpiga pasi, na asubuhi moshi wa makaa yake ulituingilia tukidhani tuko kwetu. Maji ya moto tulichotewa na Anti, ndoo moja moja. Masomo yenyewe yalinishinda tangu wiki ya kwanza, hasa takwimu. Mwalimu wa somo lile alikuwa anaongea huku kaupa uso ubao, Kiingereza chake kinakwenda mbio, na mimi niliyezoea kuwa mbele ya darasa nikajikuta nyuma kabisa, naandika nisichokifahamu. Jaribio la kwanza nilipata alama za aibu. Salha alipata za juu kuliko wote. Akarudi chumbani, akamwaga choroko juu ya shuka, akaanza kunipangia mafungu, fungu hili na fungu hili, "hino ndo wastani, tizama, hizi zilokimbilia pembeni ndo zakutia wazimu." Kila jioni, baada ya magharibi mpaka isha, choroko kitandani. Tukimaliza tulizipika. Alikuwa na ulimi mkali; nikikosea husema, "Ebo! Na wewe ndo watu wanakuachia watoto wao uwasomeshe!" Nikanuna, akanicheka, nikacheka. Ndiye aliyejua basi la kupanda, ndiye aliyejifunza maneno ya sokoni, ndiye aliyewakabili makarani. Mimi peke yangu nisingeweza kununua hata kibiriti.

Simu ya kwenda nje ilikuwa kwenye duka mtaa wa pili, vibanda vitatu vya kioo, na wanaongoja wanasikia kila kitu. Mamake Salha hakuwa na simu kule Micheweni. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi aliletwa Wete kwa kakake, Mzee Faki, mjomba wake Salha, akae karibu na simu. Salha alipiga kelele humo kibandani mpaka watu wa foleni wakawa wanamngoja kwa hamu, kama wanaokwenda tamasha. "Mama! Umekula? Umekula nini? Kitoweo? Nani kakupa kitoweo? Mwambie naye asante!" Akitoka, macho yanamng'ara, ananisimulia tena yote niliyokwishayasikia kupitia kioo.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa nne tangu tufike. Salha kaenda sokoni. Anti akaniita kutoka chini kwamba kuna simu ya Afrika, nikashuka mbio. Alikuwa Mzee Faki. "Zuwena mwanangu, uko peke yako?" Nikamwambia niko peke yangu, shikamoo mzee. "Marahaba. Sikiliza vizuri. Dada yangu hajimudu. Kalazwa tangu juzi. Salha asiambiwe, ataja kuno mbio na masomo yatampotea, na hapa hana atakachofanya ila kulia. Tumekaa wazee tumeonelea hivyo. Akiuliza, mwambie kwema." Nikamuuliza kama anaumwa sana. Nikasikia redio nyuma yake inasoma salamu. "Mungu ndiye ajuaye," akasema. "Lakini hali si nzuri, mwanangu. Nisikufiche wewe." Nikamwambia nimefahamu. Na kweli nilikuwa nimefahamu.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndipo penye dhambi yangu. Wafadhili wetu walikuwa na utaratibu: mzazi akiwa mgonjwa sana, mwanafunzi ana haki ya tiketi moja ya kwenda na kurudi. Tuliambiwa wiki ya kwanza, sote wawili tumekaa kiti kimoja. Karatasi moja tu ya kujaza. Salha angeweza kuwa Micheweni ndani ya siku nne, tano. Nililijua hilo nikiwa bado nimeshika simu mkononi.

Anti alikuwa amesimama na taulo begani. Hakufahamu neno, lakini uso aliusoma. Akaniuliza, nikamwambia kwa Kiingereza: mama wa mwenzangu anaumwa sana. Akasema, "Basi akirudi mwambie, leo leo. Mama ni mama." Nikamjibu kwamba kwetu hatufanyi hivyo, kwetu aliye mbali hupewa habari njema tu, habari mbaya zinamngoja nyumbani mpaka awe na watu wa kumshika. Nikamweleza kwa madaha, kama mtu anayetetea heshima ya kwao. Na si uongo, ndiyo desturi yetu, na ina huruma ndani yake. Nimeona watu waliopata habari ya msiba ugenini peke yao, wakaharibika akili. Lakini mimi sikuwa nikifikiria huruma. Nilipokuwa napanda ngazi zile, kabla sijamfikiria mgonjwa aliyelala hospitali, nilikiona kitanda cha Salha hakina shuka. Nikaona meza haina choroko. Mtihani wa takwimu ulikuwa umebaki siku kumi na mbili. Nikajiuliza: akiondoka huyu, mimi nitakuwaje hapa? Nani atanisomesha? Nitakula na nani? Nikakaa kitandani, nikasema moyoni, wazee washaamua, mimi ni nani. Nikapata raha. Wallahi nilipata raha, na raha hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Akarudi na mabilingani, anacheka, kamgombeza muuzaji mpaka kamwongeza mawili. "Anti kanambia ulikuwa na simu. Nani kapiga?" Nikasema ni mjomba wake, anatusalimia tu. "Mjomba apige kutoka kwetu mpaka kuno kusalimia tu? Mjomba huyo huyo mwenye mkono wa birika? Mama mzima?" Nikasema, "Kwema, Salha. Kwema kabisa." Akanitazama. "Kwema gani, na wewe umekunja uso?" Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaacha mabilingani yake, akanichemshia tangawizi, akakaa nyuma yangu akanipaka mafuta kichwani, ananikanda taratibu, huku ananisimulia ya sokoni. Mimi nimefumba macho. Nilikuwa na wakati wote wa kusema. Mlango umefungwa, hakuna mtu, mikono yake iko kichwani mwangu. Sikusema.

Siku kumi na tisa. Nilizihesabu, kwa sababu kila siku nilijiambia kesho. Mtihani wa takwimu ukapita katikati yake, na nikafaulu. Siku ya kumi na tisa Mzee Faki akapiga tena, Salha yuko maktaba, akasema, "Zuwena, amri ya Mungu imepita. Tumemzika baada ya laasiri." Akalia, mzee yule, na mimi nikalia chini pale kwa Anti, na Anti akanishika mkono akasema pole, pole, neno tulilomfundisha wenyewe. Alidhani Salha ataambiwa jioni hiyo, na mimi nikamwomba tu asimtajie msiba, kwamba kwetu aliyefiwa hapendi kukumbushwa. Mimi nikanawa uso kwa maji ya baridi, nikapanda juu, nikapika.

Watu huuliza siri ngumu ni ipi. Mimi najua. Ni ile ya kuishi nayo chumba kimoja na mwenyewe. Ijumaa ya kwanza ilipofika, Salha akaenda kibandani, akaambiwa mama hakuweza kuja, mvua nyingi. Mwezi wa pili akaambiwa kaenda kisiwa cha Fundo arusini. Akatoka anacheka: "Mama kapanda mashua! Mama anayeogopa maji ya ndoo! Hebu nambie, kaozwa nani huko Fundo hata Mama akathubutu?" Nikacheka naye. Mwezi wa tatu akaambiwa mama sauti imemkauka. Jioni moja ya Alhamisi nilikuwa nasoma Yasini kimya kimya, nikimsomea mamake, maana niliona hilo angalau naweza. Salha akatoka kuoga, akauliza nilikuwa namsomea nani. Nikasema marehemu wote. Akatandika mswala wake pembeni yangu, akasema tusome pamoja, akasoma kwa ile sauti yake nzuri ya chuo cha Kurani, mpaka mwisho, na tulipomaliza akaomba dua kwa baba yake na babu zake, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Kisha akamwombea mama yake umri mrefu. Mimi nikasema amin.

Karibu na mwisho wa mwaka akataka kumnunulia mamake shali ya sufi, kwa sababu ya baridi ya kusi. Tukaenda wote. Muuzaji alitandaza rangi kumi, Salha akashindwa kuchagua, akaniambia, "Chagua wewe, wewe wa mjini, una jicho." Na mimi nikachagua ya kijani, nikapigania bei, nikaikunja vizuri wakaitia kwenye karatasi. Nilipokuwa naikunja Salha alinikamata mkono. Akasema polepole, si kwa mzaha wake: "Zuwena. Nambie kweli. Kwetu kwema?" Nikasema, "Kwema. Wewe mtu gani, kila siku suali hilo hilo?" Akasema, "Apa." Nikajifanya nimekasirika, nikasema siapi kwenye duka la makafiri kwa jambo la upuuzi. Nikajiona mjanja: sikuapa. Kwa miaka mingi nilishikilia hilo kama mtu anayeshikilia risiti, kwamba uongo nimesema lakini sikumwapia Mungu. Ujinga gani huo.

Mpango wa wazee ulikuwa na uzuri wake: tutakapotua uwanja wa ndege wa Chake, Salha achukuliwe moja kwa moja mpaka kwa mjomba, awepo Shehe, wawepo wanawake wa kumshika, ndipo aambiwe. Asubuhi ya safari ya likizo teksi imeshafika, masanduku yako mlangoni. Anti akatoka na chupa ya maji na chakula cha njiani. Akanikumbatia mimi, kisha akamkumbatia Salha, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Mungu amweke mamako pema. Nilimwombea kila siku tangu alipofariki. Umekuwa hodari sana, mwanangu." Salha akatabasamu kwanza, kwa adabu, kama mtu asiyesikia vizuri. Akageuka akanitazama mimi. Anti akaona nyuso zetu, akaziba mdomo kwa mkono.

Salha hakupiga kelele. Yule mtu wa makelele. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hata mwenye nyumba alijua?" Nikawa nasema desturi, nasema wazee, nasema mjomba wako, maneno hayana kichwa wala miguu. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Aliumwa?" akauliza. Nikasema aliumwa kidogo. "Na wewe ulijua tangu lini? Tangu kaumwa, au tangu kafa?" Dereva alikuwa anapiga honi. Nikasema, "Niliambiwa alipokwishazikwa." Huo ndio uongo wenyewe. Ule wa mwanzo niliambiwa na wazee niuseme. Huu niliutunga mimi. Salha akatikisa kichwa, akaingia kwenye teksi, na tangu hapo mpaka Chake hakunisemesha ila "nipishe" na "samahani."

Mwaka wa pili wa masomo hakurudi kukaa na mimi. Alihamia bwenini. Tuliporudi nyumbani tukawa majirani wa mji mmoja, maana aliolewa Wete, na mji wenyewe mdogo, huwezi kumkimbia mtu. Tulikwenda kwenye arusi zile zile, misiba ile ile. Sikukuu aliniletea sahani ya mikate na mimi nikampelekea halua. Nasra alipozaliwa nilikwenda na vitenge, na alipokua nikamsomesha, akanipenda, na Salha hakumkataza. Lakini mimi aliniita Mwalimu. Shoga hakuniita tena. Mbele ya watu walidhani ni heshima.

Wiki mbili na siku chache kabla ya msiba huu nilisikia kalazwa, nikaenda kumtazama. Nilikuta kapungua, uso umebaki macho. Tukazungumza ya hivi na hivi, bei ya mafuta ya kula, mwalimu mkuu mpya asiyejua kusalimia. Muuguzi akatoka. Salha akasema, "Nasra kanipigia jana. N'memwambia n'na mafua. Asiambiwe, akaja akaacha mtihani wake." Nikamwambia, Salha, hili usinitake mimi, mwengine yeyote lakini si mimi. Akacheka, kicheko chake kile kile, kikamtia kikohozi. Alipopata pumzi akasema: "Nani ajuaye kuficha kama wewe? Siku kumi na tisa uliweza."

Nikamuuliza alijua lini. Akasema mjomba wake alimwambia kabla hajafa, ana miaka kumi na tano huko kaburini. Miaka kumi na tano Salha alikula halua yangu na anajua. Nilitaka kumwambia la kitanda kisicho na shuka, la choroko, la raha niliyoipata kwenye ngazi. Kwamba sikumficha kwa ajili yake, nilimficha kwa ajili yangu. Yeye akafumba macho akasema, "Haya, mie n'nataka kulala, Mwalimu," na mimi, mwanamke wa miaka yote hii, nikaona afadhali, nikasema nitakuja kesho tumalize. Kesho nilikwenda, kulikuwa na watu. Keshokutwa vile vile, na siku zote zilizofuata. Kisha ikawa hakuna tena wa kuambiwa. Namwomba Mungu amsamehe yeye, na mimi kama ipo nafasi.

Sasa ile siku ya pili ya matanga, baada ya Khatibu kunipa amri yake, simu yangu ikalia adhuhuri. Nasra. Nikatoka uani, nikasimama nyuma ya masufuria makubwa ya msiba, wanawake wanaosha vyombo, wakaacha kuosha walipoona jina. "Mama mdogo," akasema, "mbona Mama hapokei? Baba anasema kalala. Jana kalala, leo kalala. Kwema huko?" Wale wanawake wananitazama. Mmoja akanitikisia kichwa: usiseme.

Nikamwambia akae chini. Nikamuuliza kama ana mtu karibu, akasema yuko na mwenzake wa chumbani, nikamwambia amshike mkono. Kisha nikamwambia. Nilisema kwa maneno machache, kwa sababu hayo hayana namna nzuri. Upande wa pili nikasikia pumzi yake tu na mtu anauliza kwa lugha nisiyoijua. Uani Khatibu alikuwa amekwishatoka, kasimama, mikono kichwani.

"Aliumwa?" Nasra akauliza.

"Aliumwa, mwanangu. Wiki mbili na zaidi."

"Na wewe ulijua?"

Ningeweza kusema mamako alinikataza. Ilikuwa kweli. Ningeweza kusema baba yako, ndugu zako, wazee, mtihani wako. Yote kweli.

"Nilijua," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Mama mdogo," akasema, sauti imemkatika, "mie ningekuja."

Kisha akalia, na mimi nikaishika simu kwa mikono miwili nikamsikiliza, sikumwambia anyamaze.